Fataki ya Tano ya Trevor Allsopp

Mimi nilimwona Trevor akichimba mashimo kwa mara ya pili, nikanyamaza. Nalisema hili mapema, mtu asije akadhani nasimulia ya majirani huku mwenyewe nimekaa pembeni na mikono misafi. Nilikuwa dirishani jikoni naosha vikombe, na yeye alikuwa upande wa pili wa uzio na sepetu yake. Asubuhi alikuwa ameshachimba mashimo tisa ya kusimamishia fataki, mstari mmoja ulionyooka. Baada ya chakula cha mchana akatoka tena, akapima upya kwa futi kamba, akachimba mengine tisa, hatua moja tu kutoka yale ya kwanza. Hakuyatazama kabisa. Alikuwa anapiga mluzi.

Ungekuwa unamjua Trevor, ungeshtuka kama nilivyoshtuka. Miaka thelathini na moja alikuwa fundi baruti kwenye machimbo ya mawe ya chokaa juu ya kijiji chetu. Yeye ndiye aliyejaza baruti kwenye mwamba, akahesabu watu mmoja mmoja, akapuliza king'ora, kisha akalipua. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyeumia chini ya mkono wake, hata ukucha. Kijiji kizima kinalijua hilo, na anayejisahaulisha Trevor alikuwa radhi kumkumbusha. Alipostaafu, uangalifu wake wote ukakosa kazi, ukahamia kwenye sherehe ya tarehe tano Novemba, usiku ambao Waingereza huwasha mioto na fataki, aliyokuwa akiifanya uani kwake kila mwaka.

Sherehe ile ilikuwa na sheria kuliko mahakama. Kuni zisirundikwe mpaka siku yenyewe, kwa sababu kalunguyeye hupenda kuingia kwenye biwi kulala, nawe ukiwasha unamchoma akiwa hai. Fataki zikae kwenye sanduku la bati lenye kifuniko. Ndoo nne za maji, mbili za mchanga. Mwashaji ni mmoja tu, na mwashaji hagusi bia mpaka mwisho. Halafu kulikuwa na kamba ya njano, ambayo hakuna wa kuivuka, awe padri, awe mbunge. Mwaka wangu wa kwanza hapa niliivuka kufuata skafu yangu iliyopeperushwa, Trevor akanifokea mbele ya watu mpaka machozi yakanitoka. Kesho yake akaniletea keki ya tangawizi, nusu sinia, na hakuomba radhi hata kidogo. Nilimpenda kuanzia siku ile.

Sheria iliyozishinda zote ilihusu fataki iliyogoma. Ukiiwasha isiwake, haiendewi. Inaachwa palepale mpaka asubuhi, ndipo inamwagiwa maji. Watoto wa kijiji waliijua kabla ya kujua kusoma.

Siku ile ya mashimo, Trevor alipoingia ndani kulala kidogo, mkewe Noreen akatoka na sepetu ileile akaanza kufukia mstari wa pili. Noreen alikuwa mpishi wa shule maisha yake yote, mwanamke wa kicheko kikubwa na mikono mikubwa. Nikaenda uzioni.

"Mnapanda viazi Novemba, jirani?" nikamtania.

Hakucheka. "Trevor kakosea vipimo."

"Noreen."

"Kakosea vipimo, Zuhura. Kwani mtu hawezi kukosea?"

"Humo bandani kuna masanduku mangapi ya fataki?"

Akasimamisha sepetu. Akatazama dirisha la chumbani, pazia limefungwa, akasogea karibu nami. "Matatu," akasema kwa sauti ya chini. "Kila wiki ananiambia, jamani Noreen, tusije tukasahau kununua fataki. Anachukua kofia, anakwenda."

Nimefanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee miaka kumi na minne. Ugonjwa ule naujua unavyoingia nyumbani kwa mtu, unavyovua viatu na kukaa. Nikamwambia ampeleke kwa daktari.

"Nitampeleka, baada ya tarehe tano."

"Basi mwaka huu awashe mtu mwingine."

"Nani? Na nimwambie nini, mwaya? Trevor, mikono yako mizima, miguu yako mizima, ila kichwa ndiyo hivyo tena, keti na akina mama unywe chai? Mbele ya watu wote wale?" Macho yakamjaa. "Jina lake la ufundi ndilo alilobaki nalo. Mniachie sherehe moja tu."

"Na akiumia?"

"Nitakuwa kambani karibu yake. Nitamhesabia mimi. Usimwambie mtu, Zuhura, nakuomba."

Nikakubali. Watu wa huku, hata aliyevunjika mguu, ukimuuliza hali atakujibu "siwezi kulalamika", nami nimekaa nao miaka mingi mpaka nikaambukizwa. Ila usiku ule nilijichukia, na kila nilipochungulia uani kwao na kuuona udongo mbichi wa yale mashimo yaliyofukiwa, nilifunga pazia.

Tarehe tano ikaingia na ukungu. Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani, na moshi wa biwi haukupanda, ulitambaa chini kwenye miguu ya watu. Tulikuwa kama thelathini nyuma ya kamba, kila mmoja na bakuli la njegere za kupondwa zenye siki ya mnanaa. Karibu nami alisimama Hilary Beresford, mwenyekiti wa kamati ya kijiji, mama mwenye moyo mzuri ambaye kwa bahati mbaya hanyamazi. Trevor akatoka na koti lake la kazini na kofia ngumu ya machimboni, ameshika fimbo yenye utambi unaowaka. Watu wakampigia makofi.

Ya kwanza ikaenda vizuri. Aliwasha kwa mkono ulionyooshwa, akageuka, akatembea kurudi bila kukimbia, ikapasuka juu kwa rangi ya kijani. Ya pili, ya tatu, ya nne. Nilimtazama Noreen zaidi ya nilivyotazama angani. Midomo yake ilikuwa ikihesabu. Njegere zangu zilipoa bila kuguswa.

Ya tano ikagoma. Utambi wake uliungua, ukatoa moshi mwembamba, kisha kimya.

"Imegoma!" Trevor akatangaza alipofika kambani. "Imegoma, na iliyogoma je?"

"Haiendewi!" tukaitikia wote, watoto kwa wakubwa, kama tulivyozoea.

Akacheka, akapokea kikombe cha chai. Nikashusha pumzi. Hapo ndipo Hilary alipoinama akamuuliza Noreen kama mikate ya soseji imebaki, na Noreen, ambaye hajawahi kumnyima mtu chakula, akageuza kichwa kumwonyesha meza.

Trevor akamaliza chai. Akautazama moto kwa muda, akiwa ametulia kabisa. Kisha akaitazama safu ya fataki, akaokota fimbo yake, akaondoka. Alikuwa anakwenda kwenye ile ya tano. Hakutembea kwa hadhari ya mtu anayeiendea fataki iliyogoma. Alitembea kama fundi anayekwenda kuwasha fataki ambayo bado haijawashwa.

Nilitaka kupiga kelele. Lakini ningepiga kelele gani ambayo isingewaambia watu wote? Mpaka leo nina aibu kuwa jambo hilo lilipata nafasi ya kupita akilini mwangu, mtu akiwa amebakiza hatua kumi afike kwenye baruti.

Noreen aligeuka, akaona. Hakupiga kelele naye. Aliinama akapita chini ya kamba, akaenda haraka kwenye moshi ule, akamfikia wakati Trevor anainama na utambi, akampitishia mkono kwenye kwapa akamgeuza, kama vile anamwomba wacheze muziki. Walitembea hatua nne, labda tano. Fataki ikalipuka nyuma yao, palepale chini. Cheche ziliwapiga mgongoni na mama mmoja akalia kwa sauti. Ukungu ulipopungua tuliwaona wamesimama wazima, ila skafu ya Noreen ilikuwa inafuka moshi.

Trevor alimtazama mkewe. Akaitazama kamba. Uso ukamwiva.

"Noreen! Umevuka kamba! Miaka yote hii nazungumza na nani? Mtu anavuka kamba na fataki imesimama, unataka kufa? Unataka kuniulia watu?"

Ndoo ya maji ilikuwa karibu. Noreen akachovya skafu, taratibu, ikalia tss. Aliinua kichwa akatuona sote tumemkodolea macho.

"Nilisahau, Trevor," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma. "Nisamehe. Siku hizi nasahau sahau."

Hilary akaweka mkono mdomoni. "Maskini," akanong'ona. "Tangu lini?" Nami, niliyejua kila kitu, nikainamisha kichwa kwenye bakuli langu.

Kesho yake vyungu vya mchuzi vikaanza kuwekwa mlangoni kwao. Dukani watu walimsemesha Noreen polepole na kwa sauti kubwa, wakimhesabia chenji kiganjani kama mtoto. Yeye alitabasamu, akashukuru. Trevor akawa mume wa kuonewa huruma, na kazi hiyo aliifanya kwa moyo wote. Siku moja alikuja kwangu, amevua kofia.

"Dada Zuhura, nikitoka uwe unamtupia jicho mke wangu. Kichwa chake si kizuri. Viberiti vyote nimemficha."

"Umevificha wapi?"

Akafikiri. Akafikiri tena, anazungusha kofia mikononi. "Mahali salama," akasema mwishowe. Kuanzia siku hiyo nikawa naamka usiku kunusa kama kuna harufu ya moshi.

Hayo yote Noreen aliyabeba. Lililomshinda lilikuja wiki ya mwisho ya Novemba, pale Hilary alipopita nyumbani kwao na habari njema. Fataki za Mwaka Mpya, zile za kijiji kizima kwenye uwanja wa kriketi, zilikosa msimamizi. Kamati ilikuwa imekubaliana kwa sauti moja kuwa mtu ambaye hata mkewe akivuka kamba anamfokea, huyo ndiye. Trevor alikubali kabla chai haijamiminwa.

Noreen alikuja kwangu na ndara, kwenye baridi ile. "Watu mia nne, Zuhura," akasema. "Mia nne, na watoto. Nimefanya nini mimi?"

"Ulimkinga mumeo."

"Nimemjengea jina juu ya jina." Alikuwa anatetemeka, nami nikamfunika shuka. "Jumapili kuna mkutano. Nitasimama niseme ukweli, hata akinichukia."

Akasimama kweli. Ilikuwa saa tisa alasiri ukumbini, kama watu ishirini wamekaa kwenye viti vya plastiki. Trevor alikuwa mbele na ramani ya uwanja aliyoichora mwenyewe, nzuri, yenye vipimo vyote. Noreen akashika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

"Trevor hawezi kazi hii," akasema. "Mimi sisahau chochote. Yeye ndiye anayesahau. Ile ya tano aliirudia kwa sababu hakukumbuka kuwa ameshaiwasha. Nilidanganya."

Nikadhani tumevuka, kwamba jambo limeshasemwa. Lakini nilipotazama nyuso za watu sikuona mshtuko. Niliona huruma ileile ya dukani.

"Keti, mpenzi," Hilary akamwambia kwa upole, polepole. "Chai yako inapoa."

"Hilary, mimi ni mzima!"

"Wewe ni mzima kabisa. Keti tu."

Trevor aliweka ramani chini. Machozi yalikuwa yanamlenga. "Msimkasirikie," akawaambia watu. "Hayo anayosema siyo yeye." Na mzee mmoja wa nyuma akanyoosha mkono akampapasa Noreen mgongoni, akimbembeleza akae.

Noreen hakukaa. Alizungusha macho ukumbi mzima mpaka akanipata. "Zuhura, waambie."

Nikasimama. Nilijua nikieleza kwa maneno yangu wataniona jirani mbaya anayemtetea mgonjwa, na mkutano utaendelea. Kulikuwa na njia moja tu, na ilikuwa ya kikatili, na aliyekuwa anaijua ukumbini humo ni mimi peke yangu, kwa kazi niliyofanya.

"Trevor," nikasema, kwa sauti ya mazungumzo ya kawaida, "ile fataki ya tano, siku ya sherehe pale kwako. Hebu tuambie ilikuwaje."

Akanigeukia na uso wake mchangamfu, uso wa mtu aliyeulizwa kitu anachokipenda. "Ya tano?" Akacheka kidogo. "Sherehe bado, dada. Tarehe tano ndiyo hiyo inakuja. Hata kuni sijaanza kukusanya."

Nyuma yake, wanawake wawili waliokuwa wanapamba mti wa Krismasi walisimama na mapambo mikononi. Hilary akazikodolea macho karatasi zake. Trevor akatazama mtu huyu, akatazama yule, bado anatabasamu, na tabasamu likaanza kumwishia taratibu upande mmoja.

"Nimesema nini?" akauliza. "Noreen? Nimesema nini?"

"Hujasema kitu, mpenzi wangu." Noreen alishakwenda mbele na koti la Trevor. Akamvalisha mkono mmoja, kisha wa pili, akamfunga vifungo mpaka shingoni. Ramani ya uwanja aliikunja vizuri akaitia mfukoni mwake mwenyewe.

Walitoka katikati ya viti, na kila waliyempita alitazama sakafu. Noreen hakunitazama na sikustahili kutazamwa. Trevor ndiye aliyesimama mbele yangu, akanishika bega.

"Usikose, dada. Uje na watoto."

Wanangu wana ndevu sasa, mmoja ana mke. Nikamwambia tutakuja.