Habari Alizofichwa Dekha wa Eldas

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye manyatta ya wagonjwa wa kifua kikuu Garissa, tulikuwa hawa: Sista Rukia, mkuu wa wodi na binti wa mjomba wa mume wangu, ndiye aliyeniombea kazi; Daktari Mutua, mtu wa Ukambani; Dekha, mama mgonjwa kutoka Eldas, kule Wajir; na mimi Halima, mfagiaji. Miaka hiyo ya tisini wafugaji walikaa vibandani humo mpaka dawa ziishe. Nilichoma vikopo vya makohozi, nikatazama kila mtu akimeza vidonge.

Dekha alishaanza kunenepa. Mwanawe Yusuf alibaki nyumbani, na ukame ulikuwa mkali.

Daktari akatuambia, "Mishipa ya fahamu hutoka kwenye ubongo ikafika mpaka mapafuni. Humo kuna chembe za kinga, askari wetu. Mishipa huwaamsha, tena huwatuliza. Hofu ikikaa sana, askari hulegea. Habari mbaya zisiingie hapa."

"Daktari, kwetu mgeni hutoa habari zote kwanza," Sista akasema.

"Atoe nzuri tu."

Akaja Adan, kaka yake Dekha, kwa lori la mbuzi. Langoni alituambia Yusuf amefariki. Sista akamsihi anyamaze.

"Warran, walaal," Dekha akamwambia, yaani toa habari, ndugu yangu.

"Amani tupu."

"Mvua?"

"Imenyesha."

"Yusuf?"

"Anacheza."

Dekha akachungulia lori. "Mbuzi wenyewe mifupa, wewe unaniletea mvua! Walahi Adan, hata uongo hujui."

Hakuuliza tena. Chakula akakikataa, kikohozi kilichokuwa kimetulia kikaanza upya. Daktari akasema, "Basi, mwambieni ukweli." Tulipofika kibandani, mkeka ulikuwa umekunjwa. Alikwenda kuzitafuta habari mwenyewe, dawa akaziacha.

Adan alirudi baadaye. Safari hii hakungoja kuulizwa. Alieleza yote: Dekha alivyofika nyumbani, alivyoonyeshwa kaburi la mtoto, na alivyokufa akazikwa kando yake. Daktari alisikiliza amesimama, kofia mkononi.

Nilihamishiwa Wajir, nikastaafu huko. Ni hofu iliyomuua, au dawa alizoziacha? Sijui mpaka leo, na Daktari naye alisema hajui.

Ninyi wa Eldas, miaka ni mingi, kama nimesahau na mtoto hakuitwa Yusuf, nisahihisheni. Mama yake alidanganywa juu yake mara moja. Isiwe mara mbili.