Mgongo wa Hezroni

Vudee nzima, kule juu milimani Upare, ilimjua Sefania kwa wembamba wake, na yeye alijua kwamba inamjua hivyo. Baragumu la msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, likilia, wanaume wote walitoka na majembe kuzibua ndiva, bwawa lao la kumwagilia mashamba. Yeye wazee walimwonea huruma, wakampa kushika kamba ya kupimia. Huruma nyingine ni tusi, jamani!

Ndipo siku ya gulio, huko Makanya chini ya mlima, akamkuta mchuuzi wa vidonge vya kujaza misuli. Vimetoka ng'ambo, alisema, na enzi zile za Mwingereza cha ng'ambo hakikuulizwa maswali. Ushahidi ulisimama kando yake, kifua wazi: Hezroni, mpakiaji wa marobota ya mkonge stesheni.

Sefania alivimeza kwa siri, akaota mashavu, akatamba. Kisha macho yakageuka manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, chakula kikamshinda. Aliposhindwa kuinuka kitandani, alimwonyesha mkewe, Dorkas, chupa ya vidonge, akamweleza habari za Hezroni.

Dorkas alishuka mlima hadi stesheni.

"Kaka, wewe ulivimeza kwa muda gani?"

Hezroni aliinamisha kichwa. "Dada, sijameza hata kimoja. Mwili huu ni wa kubeba mizigo tangu utotoni. Yule bwana alinipa shati jipya, akaniambia nisilivae, nisimame tu kando yake kifua wazi. Nilidhani ni mzaha wa gulio."

"Basi mume wangu anakufa kwa mzaha huo."

Hezroni aliyaacha marobota palepale. Alipanda naye mlima, akambeba Sefania mgongoni, Dorkas akamfunga kwa khanga kama mtoto mchanga.

"Shika shingo, shemeji," alisema, na hakumtua mpaka kwenye treni ya kwenda hospitali.

Tabibu aliigeuza chupa. "Huenda vinajaza misuli, huenda havijazi. Aliyevipima vya kutosha mimi simjui. Ini lako, baba, ndilo lililotoa jibu."

Mungu ni mwema, Sefania alipona, mwembamba vile vile. Baragumu lilipolia tena aliishika kamba yake kwa moyo mweupe, na Hezroni akapanda kutoka Makanya kuchimba naye. Wazee wakauliza mgeni huyu ni wa ukoo gani.

"Wa kwangu," alisema Sefania. "Kama si mgongo wake, kamba hii mngenipimia kaburi."