Gari Zima la Mama Mdogo

Mama yangu mdogo anauza mayai. Kwa miaka kumi na moja aliyasambaza kwa baiskeli, na hakuna aliyewahi kumwona akivunja hata moja. Kisha akanunua gari, akaanza kuvunja trei nzima kwa siku.

Gari lenyewe, pikapu ndogo ya rangi ya maziwa, lilikuwa na ugonjwa mmoja tu: ukipiga honi, linazima. Na halizimi kwa adabu. Linashtuka kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, na kule nyuma mayai yanarukiana. Siku ya kulijaribu, dalali alimsihi asiguse honi.

"Nyumba ya jirani kuna mgonjwa, mama," alinong'ona.

Mama mdogo, kwa huruma yake, akaendesha kimyakimya na hata akamwombea huyo mgonjwa.

Kumbe mgonjwa alikuwa gari.

Mpishi wa hosteli ya wanafunzi, mteja wake mkubwa, akampa onyo: akiletewa tena mayai yaliyopasuka, atatafuta mtu mwingine. Mama mdogo akarudi mbio kwa dalali. Dalali akacheka.

"Gari lililotumika ni kama mchumba mtu mzima, mama. Unamchukua na kikohozi chake."

Wengi wetu huishia hapo, na hilo ndilo linalonichoma. Sheria inamkataza muuzaji kuficha kasoro anayoijua, hata kama gari ni kuukuu. Lakini hawa watu wanakula kwa aibu yetu: wanajua tutanung'unika, tutakwenda kwa fundi, tutalipa. Mama mdogo hana aibu ya aina hiyo. Alibeba hati ya mauziano hadi ofisi ya malalamiko ya wanunuzi, akaketi kwenye benchi na trei ya mayai yaliyopasuka mapajani, kama ushahidi. Watu wakamsogelea, kisha wakasogea mbali.

Siku ya shauri dalali alikuja amechomekea shati. Ofisa, mama wa makamo aliyening'iniza miwani shingoni, akasoma hati: "Nimemuuzia gari zima."

"Umesikia? Zima!" mama mdogo akadakia. "Yaani halina ugonjwa."

"Zima, yaani lote," dalali akasema. "Sikumuuzia nusu. Matairi manne, usukani, viti. Kuna kilichopungua?"

"Akili yako."

"Mama, tuheshimiane," ofisa akasema, akijificha nyuma ya faili.

Lakini alisita. Neno lile kweli lilikuwa na milango miwili. Mama mdogo akaikumbatia trei yake. Hapo dalali angenyamaza, angekwenda zake. Ila alikuwa mtu wa maneno, na benchi lilijaa watu wa kumshangilia.

"Tena mheshimiwa, hata ukilisoma vingine, mimi ni mkweli. Gari zima! Si linazima? Nilimwandikia kabisa!"

Benchi zima likaangua kicheko. Ofisa hakucheka. Alivaa miwani.

"Kwa hiyo wakati unaandika, ulijua linazima."

"Nilikuwa natania, mheshimiwa."

"Ulijua au hukujua?"

Dalali akatazama dari. "Kwa honi tu."

"Kwa honi tu," ofisa akarudia, akiandika herufi moja moja.

Uamuzi haukuchukua hata dakika kumi: dalali alichukue gari lake, arudishe pesa kabla ya Ijumaa, na alipe hasara ya trei kumi na tisa. Mama mdogo alitoka hadi ukumbini, akampigia mpishi simu, akamwambia mzigo wa kesho utakuja kwa mkokoteni, taratibu, bila ufa. Mpishi akakubali.

Dalali akamfuata nyuma nyuma.

"Mama, mambo yangu si mazuri. Hayo mayai nikikulipa kwa mayai, si sawa tu?"

"Sawa kabisa, mwanangu," mama mdogo akasema. "Ila uyanunue kwangu."