Kuku wa Shija na Muundi wa Hellena

Pale Majengo, mjini Sumbawanga, kwenye kibaraza cha duka la mbolea, kuna meza ya fundi viatu, na ukutani juu ya meza hiyo kumetundikwa cheti chenye fremu. Wapitaji wengi hudhani ni leseni ya biashara. Wakisogea wanakuta kimeandikwa kwamba Wilibrodi amehitimu mafunzo ya wiki mbili ya kuzuia na kuhudumia majeraha ya michezo. Hapo huanza kucheka. Wilibrodi huwaacha wacheke mpaka washibe, kisha huwauliza ni nani kati yao anayeweza kumtazama mtu akitembea hatua kumi na kumwambia goti lipi litamsumbua mwakani. Kicheko hukatika.

Na anaweza kweli. Miaka ishirini na sita ya kushika viatu vya watu si mchezo. Soli iliyolika upande wa ndani, iliyolika kisigino, iliyolika mguu mmoja tu, yote hayo kwake ni maandishi, na anayasoma haraka kuliko anavyosoma gazeti, maana gazeti humshinda kwenye maneno marefu. Shule aliishia darasa la saba. Kule Kaengesa, walimu wa michezo walipokusanywa kufundishwa mambo ya misuli na mifupa, yeye aliitwa kushona mipira tu. Akaketi nyuma na sindano yake, anashona, anasikiliza. Siku ya mtihani akaomba karatasi. Wakafanya walimu kumi na tisa na fundi viatu mmoja, na waliomshinda walikuwa watatu. Yeye husema wawili, na waliokuwepo wamechoka kubishana naye.

Tangu hapo akawa mtu wa mkoba katika klabu ya wakimbiaji ya Milanzi. Mkoba wenyewe kaushona kwa mkono wake. Ndani mna bandeji, pamba, mkasi, sabuni, na chupa ya maji yenye sukari na chumvi kidogo. Barafu hana, na hajawahi kuitafuta. Anayeteguka kifundo asubuhi huketishwa chini ya bomba, maji ya Sumbawanga ya mwezi wa sita yanammwagikia robo saa, na hakuna jokofu la Dar es Salaam linalofanya kazi namna ile. Kabla yake vijana walikuwa wanakanda uvimbe mbichi kwa maji ya moto na kuuchua kwa nguvu, jioni mguu umekuwa kibuyu. Wilibrodi alikomesha. Alikomesha pia tabia ya kuanza mbio mwili haujapata joto. Kwa baridi ya huku juu, misuli ya alfajiri ni kama ngozi isiyopakwa mafuta, na fundi anajua ngozi ya namna hiyo ikivutwa ghafla inafanya nini.

Basi mtu huyuhuyu, mwenye cheti na mdomo wa kukitangaza, ndiye aliyekosea.

Hellena, binti wa Shija, alikuwa na miaka kumi na tisa na mbio za mita elfu tano alikuwa anazila kama mahindi ya kuchoma. Baba yake alikuja Ufipa na ng'ombe wake kutoka upande wa Kahama, akajenga pembeni ya mji, na binti amekulia kwenye kufukuza ndama. Mwezi wa sita kulikuwa na mashindano ya mkoa, na mshindi angekwenda taifa. Mwezi wa nne Hellena akafika mezani pale na raba zilizokwisha soli.

"Shikamoo, mjomba. Zinifikishe mpaka mashindano tu."

"Marahaba. Mpaka mashindano?" Wilibrodi akamtazama kama katukanwa. "Hizi utawarithisha wajukuu."

Akachukua tairi la gari, akakata, akabandika, akashona mizunguko miwili. Kazi safi, ila ngumu kama ubao. Hellena, kuona ana viatu visivyoisha, akaacha njia ya vumbi akahamia lami, na siku zake tatu za mazoezi kwa wiki zikawa sita. Wilibrodi alimwona akipita kila alfajiri. Badala ya kuhesabu siku, akawa anasifu soli.

Katikati ya mwezi wa tano binti akaanza kuchechemea. Palikuwa panauma kwenye muundi, ule mfupa wa mbele chini ya goti, mahali padogo pa kufunikwa na kidole gumba. Wilibrodi alipopabonyeza, Hellena akavuta mguu. Hapo fundi akaishiwa utani. Maumivu ya misuli hutambaa huku na huku, lakini haya yalikuwa yamekaa mahali pamoja. Akampeleka hospitali mwenyewe siku ileile. Picha ikaonyesha ufa kwenye mfupa, mwembamba kama unywele. Daktari akasema asikimbie kwa wiki nane, la sivyo ufa ungeweza kuwa mvunjiko kamili. Na mashindano yalikuwa yamebakiza wiki nne.

Shija alizisikiliza habari hizo akiwa ameegemea fimbo yake. Yeye mwenyewe ni mtu wa mifupa, kaunga ya ng'ombe na ya watu, na wapo wanaotembea mjini hapa kwa sababu yake.

"Fundi, daktari wako kasema wiki nane," akasema. "Mimi namsikiliza kuku."

Dawa yake iko hivi. Mgonjwa hufungwa magango ya mianzi, na kuku huvunjwa mguu uleule akafungwa naye magango. Siku kuku anapotembea sawasawa, mgonjwa hufunguliwa. Wilibrodi hakucheka. Alijua akicheka tu, mzee atamwamini kuku peke yake, na Hellena atakuwa uwanjani wiki ya tatu. Akavuta kigoda.

"Mzee Shija, wewe huwatibu wakulima. Mkulima akitembea, kapona. Huyu wako anakimbia, na kukimbia ni kuruka mguu mmoja hadi mwingine, maelfu ya mara. Basi kuku naye asiishie kutembea. Arukie juu ya kihenge cha mahindi, ashuke mwenyewe."

Shija akafikiri. "Na akiruka?"

"Akiruka sina neno."

Wilibrodi akarudi Majengo amejaa sifa. Kwa hesabu yake, kuku aliyevunjika mguu hawezi kuruka chini ya miezi miwili. Viatu alikuwa anavijua. Kuku hakuwa anawajua.

Siku ya ishirini na nne tangu Hellena na kuku wafungwe magango, Alhamisi, simu ikaita.

"Fundi, njoo umwone mkimbiaji wangu."

Alipofika, kuku alikuwa juu ya kihenge, anajichokonoa manyoya. Akamtazama Wilibrodi kwa jicho moja, akaruka hadi chini, akaendelea na shughuli zake. Hellena alikuwa kwenye benchi, kafunguliwa magango, raba tayari miguuni. Mashindano yalikuwa Jumamosi.

"Ulisema akiruka huna neno," Shija akasema.

"Nilisema. Sasa ninalo."

"Wafipa mnageuka upesi."

"Leo nimegeuka. Baadaye unitukane vizuri, ila kwanza nisikilize." Wilibrodi akapiga magoti, akamvua Hellena raba, akaigeuza soli juu. "Tairi hili nimelibandika mimi. Gari halina mifupa, linalivumilia. Binti yako kalipiga kwenye lami siku sita kwa wiki, na mimi nilikuwa natazama na kujisifu, badala ya kumwambia aongeze kidogo kidogo na apumzike. Na kuhusu kuku nimekudanganya pia, nilikuwa nabahatisha. Nimekosea mara mbili. Akikimbia Jumamosi itakuwa ya tatu, na hiyo siwezi kuishona."

Hellena alikuwa anatazama raba yake. Tangu wamjue, hakuna aliyewahi kumsikia mjomba huyu akisema amekosea.

"Mimi siumwi," akasema taratibu. "Natembea vizuri."

"Basi tukupime kama tulivyompima kuku. Ruka kwa mguu mzima, mara kumi."

Akaruka kumi, mwepesi kama mbuzi.

"Sasa huo mwingine."

Moja, mbili, tatu. Mara ya nne mguu wa pili ukagusa chini.

"Nimeteleza."

"Teleza tena," Wilibrodi akasema.

Akarudia. Mara ya tatu akasimama, akajishika kiunoni, akageuzia uso upande wa zizi. Shija akaiweka fimbo chini. Akamketisha binti yake, akaupakata mguu mapajani, akafumba macho, na kidole gumba chake kikashuka polepole juu ya mfupa hadi kikafika pale. Hellena akauma mdomo. Shija akabaki hapo muda mrefu, kama mtu anayesikiliza mlango.

"Pameota kovu," akasema. "Linashika, ila bado bichi. Kuku ana kilo mbili, naye alishuka kwa mbawa. Angekuwa ndama wangu huyu, nisingempeleka machungani."

"Baba, Angela, ambaye huwa namwacha nyuma, atashinda mbio zangu."

"Atashinda."

"Mwakani nitakuwa na miaka ishirini."

"Na miguu miwili," Shija akasema.

Jumamosi Angela akashinda kweli, na kwa muda ambao Hellena angeweza kuupita. Hellena alikuwepo, amekaa karibu na mkoba wa Wilibrodi mpaka watu wakatawanyika. Kisha akauliza, "Mjomba, Jumatatu nafanya nini?"

"Unatembea."

Wakaanza hivyo. Kwanza kutembea mpaka wiki nane zikatimia na daktari akaridhika na picha mpya. Halafu kukimbia dakika moja, kutembea mbili, kwenye njia ya vumbi, siku moja kazi na siku moja mapumziko. Pakiuma, wanarudi nyuma hatua moja. Wilibrodi akang'oa tairi kwa koleo, akaweka soli laini ya mpira wa sponji, akasisitiza kwamba zikiisha aje, asione haya. Vipande vya tairi akavitundika chini ya cheti chake. Mteja akiuliza, humweleza vyote viwili, cheti na tairi, na maelezo ya tairi ndiyo marefu zaidi.

Mwezi wa kumi na moja kulikuwa na mbio za kilomita kumi kwenye barabara ya Kaengesa. Hellena akaingia wa kwanza, Angela nyuma yake. Saa ilionyesha tofauti ya sekunde arobaini. Wilibrodi husema dakika mbili.

Yule kuku yupo hadi leo, anataga. Wilibrodi ameomba auziwe, akakataliwa mara tatu. Shija anasema hauzi mfanyakazi. Lakini mgonjwa akifika pale siku hizi, kabla ya mianzi na kabla ya kuku, Shija humuuliza kwanza akipona anarudi kulima au anarudi kukimbia. Akisikia ni kukimbia, humfunga vizuri, halafu humwelekeza Majengo, kwenye meza yenye tairi ukutani.