Nililisha Mbwa kwa Siri, Sasa Mume Wangu Ndiye Anataka Ale

Admin, nifiche jina, maana huku kwetu Kamsamba simu moja inasomwa na nyumba tatu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, nimeolewa, nina watoto wawili.

Mto ulipofurika mwaka huu, nyumba yetu ililala chini na mpunga ukaenda wote. Mbuzi tuliwakuta wamekufa wakiwa bado kwenye kamba. Tukahamia kwa kaka wa mume wangu, huko kwenye mwinuko. Mbwa wetu Popi alitufuata kwa kuogelea, mbavu zote nje. Mume wangu akasema asipewe hata maji ya kuoshea sufuria, chakula cha msaada ni cha watu.

Mimi nikawa nampelekea ukoko wa ugali kwa siri, kutoka kwenye sehemu yangu mwenyewe. Mbwa wa wenzetu ambao hawakulishwa walizoea kula mizoga, kisha wakaanza kurarua mbuzi wazima waliobaki. Wanaume wakatoka na marungu. Niliona mbwa wanapondwa vichwa mbele ya watoto, damu ikachanganyika na matope. Mume wangu alikuwa mbele, na niseme ukweli, alikuwa anafurahia.

Popi alikuwa amefungwa, hajagusa mbuzi wa mtu. Mume akarudi na rungu lile lile, akanikuta namwekea ukoko kwenye kopo. Hakumpiga mbwa, alinipiga mimi. Mgongoni kwanza, nikaanguka, akanikanyaga mbavu. Aliponyanyua rungu tena, Popi akakata kamba, akapita juu yangu, akamng'ata mkono na kung'ang'ania mpaka rungu likadondoka na nyama ikabaki inaning'inia.

Zahanati walimchoma mume wangu sindano, wakasema mbwa asiuawe. Afungwe, alishwe vizuri, aangaliwe siku kumi kama ana kichaa cha mbwa. Akibadilika au akifa, turudi haraka. Mume wangu akanigeukia, akasema, "Mama watoto, mlishe."

Basi sasa Popi anakula ugali na dagaa, na anayevitoa ni mume wangu mwenyewe. Kila asubuhi ananiuliza, "Amekula?" Mimi hajawahi kuniuliza kama nimekula, wala kama mbavu bado zinauma. Inaniuma sana.

Siku za kumwangalia zinaisha Ijumaa. Popi ni mzima kabisa, na shemeji ameshanoa panga. Jana nilimfungua akimbie, akaenda kidogo, akarudi kulala mlangoni kwangu. Nimepiga simu nyumbani Ndalambo, baba akasema mwanamke haachi ndoa kwa ajili ya mbwa.

Lakini ndugu zangu, si mbwa tu. Katika nyumba hii yote aliyenikinga ni huyu mmoja, na Ijumaa wakishamuua, lile rungu bado liko nyuma ya mlango. Nishaurini, nifanye nini?