Pole kwa Wekundu

Katika kuzunguka kwangu nimeona michezo mingi ya kipumbavu, lakini hakuna uliofikia ule wa watoto wa kizungu kwenye barafu. Wanavaa mpaka wanafanana na magodoro yaliyofungwa kamba, usoni wanaweka waya kama wa banda la kuku, kisha wanateleza na fimbo zilizopinda wakifukuza kitu cheusi kisichozidi kikopo cha dawa ya viatu. Anayefanya vibaya anapelekwa kukaa kwenye kibanda cha vioo, peke yake, kama mtoto aliyekojoa kitandani. Na hao niliowaona hawakuwa hata wale hodari. Yalikuwa mashindano ya kimataifa ya vijana, sikatai, lakini ya daraja la pili: nchi ambazo wakubwa wa mchezo huo wamezikataa mezani pao, zinakutana pembeni kugombea nani apande.

Niliyaona Uvira, mji wetu wa kando ya ziwa, wakati wa vita, katika ukumbi wa video wa shangazi yangu pale mtaa wa Rugenge.

Shangazi alikuwa mjane. Ukumbi wenyewe ulikuwa mabati matupu na mabenchi aliyoazima parokiani, lakini alikuwa na televisheni, antena ya parabola, na jenereta ambayo sote tuliita grupu. Umeme wa mji ulikuwa umekatika siku nyingi, kwa hiyo grupu ile ndiyo iliyokuwa mume wa nyumba. Ililipa karo ya watoto wake, ilichaji betri za majirani, na shangazi alijua afya yake kwa kuisikiliza tu, kama mama anavyojua kikohozi cha mtoto.

Mimi nilikuwa mtafsiri. Nilikuwa nimemaliza sekondari, matokeo ya mtihani wa taifa yakabaki Kinshasa, upande wa pili wa vita, nami nikabaki na Kifaransa kingi kisicho na kazi. Aliyewahi kukaa katika kumbi zetu anajua utaratibu: sauti ya filamu inazimwa, mtafsiri anakaa kando ya televisheni na mikro mdomoni, anaeleza kila kitu kwa Kiswahili. Na kabla ya kuanza lazima awaulize watu nani yuko upande wa nani. Iwe filamu ya Wachina au ya Wahindi, kila benchi liwe na mtu wake, la sivyo watu wanakaa kama wako kwa daktari.

Jumapili moja mchana watu walijaa kwa ajili ya mpira. Upepo wa ziwa ulikuwa umeigeuza parabola, nami nikapanda juu ya mabati, nikaizungusha mpaka nikachoka. Ikashika stesheni moja tu, ya Kifaransa, na humo hao watoto wa barafu. Mtangazaji wao alieleza mambo ya daraja la pili kwa sauti ya mtu aliyenyimwa kazi nzuri. Ukumbi ukaanza kupiga miluzi. Hapo akaingia kamanda.

Makamanda wa miaka ile walibadilika kama mashati, na wote walikuwa shati moja: miwani ya jua, redio ya mkononi, tumbo limetangulia. Huyu alikuwa amekwisha kuchukua pikipiki ya paroko, vitanda vya dispansari moja ya mtaa wa Nyamianda, na friji ya mwenye duka, aliyoitumia kuwekea viatu kwa sababu kule kambini hawakuwa na umeme. Watu walihama benchi la mbele bila kuambiwa. Akakaa, askari wake wakasimama nyuma yake.

"Mpira iko wapi?"

"Haipatikani, afande. Iko huu wa barafu tu."

"Basi tafsiri."

Nikazima sauti, nikashika mikro, nikauliza kama kawaida, "Nani iko na nani?" Na kwa heshima nikaanza na yeye. Mtafsiri yeyote wa Uvira angefanya hivyo. Kumruka mkubwa katika swali hilo ni tusi.

Kamanda akawatazama wenye jezi nyekundu, akawatazama wenye jezi nyeupe. "Minye niko na weupe," akasema. "Na timu yangu haishindwagi. Ikishindwa leo, ile grupu italala kwetu kambini."

Askari wakacheka. Yeye hakucheka. Shangazi alikuwa mlangoni, ameketi juu ya bidoni ya mafuta karibu na grupu yake. Alikuwa amesikia. Akanitazama, akanyoosha kidole kuelekea mikro.

Weupe walikuwa wabovu. Walianguka bila kusukumwa. Kabla hata sijawazoea, kijana mmoja mwekundu akapiga, kile kikopo kikaingia wavuni, na wenzake wakamrukia kumkumbatia.

"Wamefanya nini?" akauliza kamanda.

Namba ilibadilika juu ya kioo, kila mtu aliiona. Sikuwa na njia ya kuificha.

"Kosa, afande. Wekundu wamekosea. Mchezo huu unapiga karibu tu, kumwogopesha mlinzi. Kikiingia, unaandikiwa kosa."

"Na juu ya nini wanamkumbatia?"

"Wanamfariji."

Watu wa Rugenge hawakuwa wajinga. Walijua bao ni bao, hata la kwenye barafu. Lakini walijua pia kwamba bila grupu ile watarudi kukaa gizani wakihesabu milio ya risasi. Mama mmoja muuza karanga akapiga makofi ya huzuni, akasema kwa sauti ya matangani, "Pole, mwanangu! Pole sana!"

Basi. Kuanzia hapo kila wekundu walipofunga, ukumbi mzima uliitikia: "Pole! Muwe na moyo!" Mwanamume mmoja nyuma akaongeza, "Mungu atawapa wengine!" Kamanda akajinyoosha, akafungua kifungo cha shati. Mara moja tu weupe walifunga, kwa bahati, kile kikopo kiligonga kiatu cha mtu kikaingia chenyewe, na kamanda akaruka.

"Sasa sisi tumekosea?"

"Kidogo, afande. Moja tu."

"Weye mlinzi wao unamwona? Ni yeye amewadanganya."

"Ni yeye, afande."

Saa ya mchezo ilipofika mwisho, ilikuwa nne kwa moja. Wekundu wakatupa fimbo na kofia, wakakimbilia golini, wakamwangukia mlinda mlango wao, wakarundikana juu yake. Kamanda akageuka kunitazama. Nikatazama rundo lile, na namshukuru Mungu kwamba nimelelewa mahali ambapo watu hujitupa juu ya maiti.

"Amekufa?" akauliza kamanda mwenyewe.

"Nadhani, afande. Kwa aibu."

Muuza karanga akaanza kulia, na alilia vizuri. Kwenye kioo weupe walikuwa wamepiga magoti wakitoa machozi. Sikungoja niulizwe. "Ya furaha," nikasema. "Kama bibi harusi."

Kisha wakapanga mistari, wakapandisha bendera ya wekundu, na midomo ikaanza kuimba. "Wanamwimbia marehemu," nikasema. Kamanda akasimama. Akavua kofia, akatugeukia: "Wote simama!" Tukasimama, ukumbi mzima wa Rugenge, wanaume kwa wanawake, kuuheshimu wimbo wa taifa usiosikika, wa nchi ambayo mpaka leo siijui jina, iliyoshinda mashindano yasiyomhusu mtu. Kamanda alipiga saluti. Sijawahi kumdharau binadamu kama nilivyomdharau yeye dakika ile, na nimeishi katika nchi nyingi tangu hapo.

Akanipa mkono akitoka. "Mchezo huu iko na akili," akasema. "Mpira iko ya wajinga."

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Jioni alininunulia samaki mzima wa kuchoma, mukeke.

Asubuhi askari walikuja na pikapu. Shangazi akasimama mlangoni mikono kiunoni. "Kamanda wenu alisema ikishindwa. Haikushindwa! Mji mzima ulisikia!"

"Ndiyo, mama," akasema mkubwa wao, kwa adabu kabisa. "Imemfurahisha sana. Anataka kuwaangalia weupe akiwa kwake."

Wakapakia televisheni, parabola na grupu. Mabenchi waliyaacha, pikapu ilikuwa imejaa. Na mimi nikaambiwa nifike kambini mchana kutafsiri.

Sikwenda. Nilijificha Nyamianda mpaka nikapata mtumbwi wa kunivusha kwenda Burundi, na tangu hapo sijakaa mahali. Jioni ya kuaga nilipita kwa shangazi. Tulikaa kwenye ngazi ya ukumbi mtupu. Kambi ilikuwa mlimani juu yetu, na mlio wa grupu ulishuka wazi.

"Sikia," akasema. "Wameiunganishia friji, na nini tena. Na oili hawajaiwekea."

Ikapanda sauti, ikashuka, ikapanda tena kama mtu anayebishana, kisha ikakwaruza, ikanyamaza. Shangazi alibaki amekaza shingo, anangoja waiwashe. Hawakuiwasha. Akanyanyuka, akakung'uta kitenge.

"Washenzi," akasema. "Hata kuiba hawajui."