Siku Bi Liao Alipowauzia Prosesa Mke na Mume

Bi Liao Su-chin ameunganisha kompyuta za watu kwa miaka ishirini na sita katika soko la Guanghua, hapa Taipei. Mimi nauza kibodi kwenye kibanda kinachotazamana na chake.

Jumamosi moja walikuja Pei-ling na mumewe Yu-hsun. Nyumba yao ina nafasi ya kompyuta moja tu. Mke huhariri video za harusi, mume hushindana na wenzake kwenye gemu za magari. Mke alitaka prosesa, ule ubongo wa kompyuta, yenye viini vingi vinavyogawana kazi, imalize upesi. Mume alitaka ile inayosifiwa na wachezaji. Ilionekana wameshazozana njiani.

Bi Liao aliwaomba video ya harusi moja na hiyo gemu, akavijaribu kwenye mashine mbili za dukani. Ile ya viini vingi ilimaliza video kwa dakika kumi na tisa. Ile ya mume, thelathini na moja. Kwenye gemu mambo yakageuka: ya mume ilitoa picha mia mbili na kumi kwa sekunde, ya mke mia na sabini.

"Umeona?" Yu-hsun akamwambia mkewe.

Bi Liao akauliza kioo cha kompyuta yao ya nyumbani kinaweza kuonyesha picha ngapi kwa sekunde.

"Mia na arobaini na nne, Shangazi."

"Sasa hizo zinazozidi utazionea wapi, mwanangu? Kwa jirani?"

Pei-ling alicheka, na mwishowe hata mumewe. Wakaulizia ile ya juu kabisa, inayoweza yote. Bi Liao akasema ni nzuri kweli, ila ingewaokolea dakika mbili tu, na ingedai feni kubwa na umeme mwingi. Wakachukua ya viini vingi.

Ikabaki kuipachika. Tundu lake, kwenye ubao mkuu wa kompyuta, lina vijipini vyembamba kama nywele. Prosesa ikikuponyoka, ubao wote umekwisha. Bi Liao aliishika, akairudisha mezani. Akaishika tena. Mkono ulikuwa ukitetemeka.

Ugonjwa huo ulimwanza mwaka jana. Tangu hapo wateja alikuwa akiwaambia warudi kesho yake, kisha asubuhi kabla ya kufungua akinijia mimi nimpachikie. Hakuna mwingine aliyejua. Siku hiyo hakunitazama hata mara moja.

"Mikono yangu haiwezi tena," akawaambia. "Binti, njoo uiweke mwenyewe. Nitakuelekeza."

Pei-ling alijifuta viganja kwenye suruali. Akaambiwa alinganishe kipembe na alama yake, asikandamize, aiache ikae kwa uzito wake. Ikakaa. Kompyuta ilipowaka, Yu-hsun alimpigia mkewe makofi peke yake.

Nilidhani Bi Liao atafunga kibanda. Sasa anakalia stuli, wateja wanapachika wenyewe, na wapo wanaokuja kwa ajili hiyo hasa. Juzi nilimuuliza kama haimuumi kutazama tu.

"Inauma," akasema, "hasa nikimpata mzembe."